Presha Isiyoshuka Ina Chanzo

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu presha, na hasa ile inayokataa kushuka hata mgonjwa akiwa amefikia dawa ya pili au ya tatu. Jijini Nairobi kupimwa presha si kazi ngumu siku hizi. Kemisti nyingi, kuanzia River Road na Tom Mboya hadi Kangemi na Kawangware, zina mashine mezani. Unaketi, unafungwa kitambaa mkononi, kinajaa upepo, kinalegea, na muda si mrefu unasomewa namba mbili, tuseme 160 kwa 100. Namba hizo zina thamani kubwa na sitazidharau. Lakini zinakuambia jambo moja tu, yaani damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hiyo imetoka wapi, hazisemi. Watu wawili wanaweza kuketi kwenye benchi moja la kliniki, kila mmoja na 160 kwa 100 yake, na chanzo cha ugonjwa wa huyu kikawa kinyume kabisa cha chanzo cha yule. Wakipewa dawa zile zile, mmoja atapata nafuu na mwenzake ataongezewa kidonge kila anaporudi, miaka ikipita, hadi siku atakapoambiwa kwamba figo zimechoka. Nitakalolitetea leo ni kwamba vipimo vya damu vya homoni mbili vinaweza kuwatofautisha watu hawa mapema, kwamba wagonjwa wa Kenya walikuwemo katika utafiti ulioonyesha manufaa yake, na kwamba mgonjwa wa kawaida wa Nairobi anastahili kuvipata kama anavyovipata mwenye bima nono.

Homoni hizo ni renini na aldosteroni. Tumezoea kuziona figo kama chujio la uchafu, tukasahau kwamba ndizo pia zinazolinda kiwango cha presha mwilini. Ndani ya kila figo kuna seli zinazopima nguvu ya damu inayoingia na kiasi cha chumvi kinachopita. Nguvu ikipungua au chumvi ikiwa haba, seli hizo humwaga renini. Renini huanzisha mfululizo unaozaa anjiotensini, ambayo hubana mishipa, kisha huziamsha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo mithili ya kofia. Tezi hizo hutoa aldosteroni, na aldosteroni huziamrisha figo zishike chumvi na kuiachia potasiamu iende na mkojo. Maji hufuata chumvi, damu huongezeka, presha hupanda, na renini ikipata habari hiyo hunyamaza. Elimu hii si ya jana. Renini iligunduliwa mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na Per Bergman huko Stockholm, walipokamua maji ya figo za sungura, wakawachoma sungura wengine kwa sindano na kuona presha ikipanda. Aldosteroni ilipatikana ikiwa safi mwaka 1953, kwa kazi iliyoanzia London mikononi mwa Sylvia Simpson na James Tait. Mwaka 1955 Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan akaeleza ugonjwa ambamo tezi yenye uvimbe humwaga aldosteroni bila kuamriwa na chochote. Uvimbe ulipotolewa, presha ilishuka.

Ukiuelewa mfululizo huo, mantiki ya kipimo inakuwa nyepesi. Presha ikiwa juu, renini inapaswa kunyamaza, na ikinyamaza, aldosteroni nayo inapaswa kutulia. Basi tunaangalia nani ametii na nani amekaidi. Renini ikiwa chini na aldosteroni ikiwa juu, tezi inajifanyia mambo yake, na dawa inayofaa ni spironolaktoni, ambayo huzizuia figo zisiisikie amri ya aldosteroni. Wengine huweza kupona kabisa kwa kuondolewa tezi moja iliyoharibika. Zote mbili zikiwa chini, kosa liko ndani ya figo zenyewe, zinashika chumvi bila kutumwa, na hapo amiloridi huziba milango ambayo chumvi hurudia mwilini. Zikiwa juu zote mbili, pengine mshipa wa figo umebanwa au figo imejeruhiwa na inalalamika, na hapo mtu huhitaji dawa za jamii ya losartani, chini ya uangalizi wa karibu. Wagonjwa hawa wa namna tatu hutoka kwenye mashine ya kemisti na namba moja.

Huenda ukauliza kwa nini jambo hili litupe shughuli sisi wa Nairobi. Jibu moja limo katika utafiti uliofanywa hapa hapa na kuchapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia vijana 325, wengi wao Wajaluo, waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kuja kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao 267 waliobaki kijijini. Presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti ilionekana mapema, kabla mtu hajazeeka mjini. Si kwamba wachache wenye bahati mbaya waliugua na wengine wakabaki salama. Kundi zima lilisogea kuelekea juu. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, yaani chumvi nyingi, mboga na matunda machache. Kwa maneno mengine, mji wenyewe ulikuwa umebadilisha kile ambacho figo zinaombwa kukishughulikia kila siku. Kijana wa leo anayeshuka Kencom na kula chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili, jikoni na mezani, yumo katika hali hiyo hiyo. Figo za mwenye uwezo wa kuimwaga chumvi humudu kwa muda. Za yule ambaye tezi yake imekaidi, au ambaye figo zake zimeumbwa kuishika chumvi, hazimudu, na mji humfikia mapema zaidi.

Sasa tuje kwenye madhara. Mgonjwa wa presha anapotaka kujua hali ya figo zake, mara nyingi hupimwa kriatinini katika damu. Matokeo yakirudi mazuri, anaambiwa figo ziko sawa, anashukuru na kwenda zake. Tatizo ni kwamba kriatinini ni shahidi anayechelewa kufika barazani. Inaweza kubaki ndani ya kiwango cha kawaida hadi karibu nusu ya uwezo wa figo iwe imepotea. Anayewahi kufika ni albumini, protini ambayo kichujio chenye afya hakiiachii, na ambayo huanza kuvuja kwenye mkojo wakati mtu bado hajisikii chochote. Utafiti wa AWI-Gen, uliowapima watu 8,110 wa umri wa miaka 40 hadi 60 nchini Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, ulilionyesha hilo waziwazi. Kwa upande wa Kenya ulifanywa na kituo cha utafiti cha APHRC, chenye makao yake Kitisuru, miongoni mwa wakazi wa Korogocho na Viwandani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa jumla, waliokuwa na uchujaji uliopungua, kwa hesabu inayotokana na kriatinini, walikuwa asilimia 2.4. Waliokuwa na albumini kwenye mkojo walikuwa asilimia 9.2. Tazama pengo hilo. Anayetegemea damu pekee kuutafuta ugonjwa wa figo huwaacha nje wengi wa wale ambao bado wangeweza kuokolewa.

Na hapa ndipo homoni na figo zinapokutana, mahali ambapo kwa maoni yangu panastahili kuangaliwa kuliko pengine pote katika mazungumzo haya. Aldosteroni ikizidi, haipandishi presha tu. Huchoma figo na moyo polepole kwa kuzalisha makovu. Tena katika miaka ya mwanzo huwa na udanganyifu, kwa sababu inazisukuma figo zichuje kwa kasi isiyo ya kawaida, damu inaonekana safi, kriatinini inashuka vizuri, daktari na mgonjwa wote wanaridhika. Kumbe kasi hiyo ndiyo inayochakaza vichujio. Wagonjwa wa namna hii wanapoanza kutibiwa sawasawa, uchujaji hupungua kidogo na ukweli wa madhara hujitokeza. Kwa hiyo mtu mwenye aldosteroni iliyokaidi anaweza kubeba karatasi nzuri ya maabara mkononi na figo zinazoumia tumboni. Hata potasiamu, ambayo wengi walifundishwa kwamba lazima ishuke katika ugonjwa huu, kwa wagonjwa wengi huwa ya kawaida. Kuna homoni nyingine zinazochunguzwa kama dalili za mapema, mfano FGF23 inayotoka kwenye mifupa na ambayo hupanda kabla fosfeti haijapanda. Hizo ni za watafiti kwa sasa, na sitaki kumtuma mgonjwa wa Uthiru akazitafute.

Ushahidi kwamba kupima renini na aldosteroni kunabadilisha tiba uko wapi? Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki tatu, Nigeria, Kenya na Afrika Kusini, kwa watu ambao presha yao ilikataa kutulia licha ya dawa. Kundi moja lilitibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Jingine lilipimwa homoni hizi mbili na dawa zikachaguliwa kulingana na majibu. Baada ya mwaka, waliofikisha presha chini ya 140 kwa 90 katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 11.1. Katika kundi lililoongozwa na homoni walikuwa asilimia 50. Idadi ya dawa haikutofautiana kwa kiasi cha maana, wala idadi ya safari za kliniki. Hawakumezeshwa vidonge vingi zaidi, walipewa vilivyowafaa. Nakiri kwamba utafiti huu ulikuwa mdogo, waliomaliza walikuwa 94, na matokeo yalitofautiana baina ya vituo. Anayesema tusijenge sera ya taifa zima juu ya watu 94 anasema kweli. Lakini hauko peke yake. Mwaka 2015 utafiti wa Uingereza uitwao PATHWAY-2, kwa watu wenye presha sugu, ulionyesha kwamba spironolaktoni ilizishinda dawa nyingine zilizoongezwa, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao renini yao ilikuwa chini. Pande zote mbili zinaelekeza kidole mahali pamoja.

Pingamizi la kwanza ni zito, na nalichukulia kwa uzito wake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watu wazima Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa nayo. Kati ya kila watu 100 wenye presha, 16 hivi ndio waliojua, wanne hivi ndio waliokuwa wakitumia dawa, na wawili tu ndio ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa. Katika nchi kama hiyo, mtu atauliza, unatuletea habari za renini? Si tungenunua mashine za mkononi kwanza? Ndiyo, tununue. Hakuna kipimo cha homoni kinachoweza kumsaidia mtu ambaye hajui kama ana presha. Lakini hoja hiyo ikisukumwa mbele zaidi inasema kwamba wale waliokwisha kujitokeza, wakapimwa, wakameza dawa kila asubuhi na bado presha ikakataa, wasubiri foleni iishe ndipo waulizwe chanzo. Foleni hiyo haitaisha katika maisha yao. Na mgonjwa anayemeza dawa miaka mitano bila nafuu ndiye anayewaambia jirani zake kwamba dawa za presha hazifanyi kazi.

Pingamizi la pili hutolewa kwa nia njema lakini lina kasoro. Husemwa kwamba watu weusi karibu wote wana renini ya chini, kwa hiyo jibu tunalijua kabla ya kupima. Ni kweli kwamba renini ya chini ni ya kawaida zaidi kwetu, na utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliowashirikisha wagonjwa 728 wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, ulipata kwamba kuunganisha amlodipini na dawa nyingine kulishinda mwungano usio na amlodipini, yaani wa perindopuri na dawa ya kuongeza mkojo. Matokeo hayo yanaeleweka, maana perindopuri hukata mnyororo wa anjiotensini, na kwa mtu ambaye renini imenyamaza hakuna mnyororo mrefu wa kukata. CREOLE imetupa mahali pazuri pa kuanzia tiba na ifuatwe. Lakini wastani wa watu 728 si mtu. Renini ya chini ina sura mbili, yenye aldosteroni juu na yenye aldosteroni chini, na dawa zake si moja. Tena wako Waafrika wenye renini ya juu, na rangi ya ngozi haiwezi kumwonyesha daktari ni nani. Inasikitisha kumtibu mtu kwa kabila au rangi yake wakati mirija miwili ya damu ingetosha kumjua.

Wengine, madaktari wenyewe wakiwemo, husema tusipoteze fedha, tumwongezee spironolaktoni kila mwenye presha sugu tuone. Katika kituo cha afya kisicho na njia ya kupata kipimo, mimi sitabisha. Ni ushauri wa busara mradi potasiamu ifuatiliwe. Lakini Nairobi si mahali pasipo na njia. Kumpa mtu dawa hiyo juu ya losartani wakati figo zake zimeshaumia bila kujulikana kunaweza kupandisha potasiamu hadi moyo usimame. Na anayefunikwa kwa kidonge bila kuulizwa chanzo, ikiwa ni uvimbe wa tezi moja, hatapewa kamwe nafasi ya kupona kwa upasuaji. Zamani kulikuwa na kikwazo kwamba mgonjwa lazima aachishwe dawa kwa majuma kabla ya kupimwa, jambo la hatari kwa mwenye presha kali. Mwongozo wa mwaka 2025 wa chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani umelegeza hilo. Unashauri kila mwenye presha apimwe homoni hizi, na kipimo cha kwanza kifanywe bila kuondoa dawa, mradi msomaji wa majibu ajue mgonjwa anameza nini, kwa kuwa atenololi huishusha renini na losartani huipandisha. Wataalamu wa moyo wa Ulaya walikwisha kuelekea huko mwaka 2024.

Gharama inabaki. Kipimo hiki ni ghali mara nyingi kuliko kuchovya kijiti kwenye mkojo, na kina masharti yake. Damu ichukuliwe asubuhi, mtu akiwa ameamka na kutembea kwa saa kadhaa, kisha akaketi. Na hapa kuna jambo ambalo vituo vya pembezoni vinapaswa kulijua: sampuli ya renini isiwekwe kwenye barafu ikisafirishwa. Baridi huigeuza renini iliyolala kuwa renini iliyo macho, na majibu hutoka juu kwa uongo. Damu iliyotoka Kawangware ndani ya kisanduku chenye barafu, ikakwama kwenye msongamano wa Ngong Road, inaweza kumnyima mgonjwa jibu lake la kweli. Ibaki katika joto la kawaida la chumba, maji ya damu yatenganishwe upesi, ndipo yagandishwe. Hilo ni suala la mafunzo kuliko fedha.

Kuhusu fedha zenyewe, tuziweke kwenye mizani moja na gharama ya kuchelewa. Bima ya afya ya taifa, NHIF, ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa kila kikao cha kusafisha damu kwa mashine, vikao viwili kwa wiki. Hivyo ni vikao 104 kwa mwaka, shilingi 988,000 kwa mtu mmoja, mwaka baada ya mwaka, bila kuhesabu nauli, siku za kazi zilizopotea, na mwenzi anayesubiri nje. Mfuko wa SHA ulipoipokea kazi ya NHIF Oktoba 2024 uliurithi mzigo huo. Sidai kwamba kila aliye kwenye mashine angeokolewa na kipimo cha homoni, kwa sababu kisukari, maambukizi na mengine yana sehemu yao kubwa. Nasema tu kwamba mfuko unaokubali kulipa karibu milioni moja kwa mwaka kwa figo zilizokufa hauna sababu ya kukataa kulipia mara moja swali ambalo lingeweza kuziokoa. Hospitali ya Kenyatta ipo pale Upper Hill, na karibu yake Taasisi ya Figo ya Afrika Mashariki ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ipo Mbagathi. Maabara na wataalamu wapo ndani ya mwendo mfupi wa matatu. Kinachokosekana ni utaratibu: albumini ya mkojo kwa kila mwenye presha angalau mara moja kwa mwaka, hata katika kituo kidogo cha afya, na renini pamoja na aldosteroni kwa kila ambaye dawa tatu zimeshindwa, akitokea Kangemi au Lavington, vikilipwa na SHA.

Nawe msikilizaji, kama unameza dawa zako bila kuruka na presha bado iko juu ya 140 kwa 90, usiziache na usijiongezee nyingine kutoka kemisti. Nenda kliniki unakotibiwa ukiwa na vidonge vyako vyote mkononi, umwombe daktari akuambie mambo mawili: kama mkojo wako umewahi kupimwa albumini, na kama renini na aldosteroni zako zimewahi kuangaliwa. Ikiwa jibu ni hapana, mwombe akuandikie vipimo hivyo siku hiyo hiyo.